Sitini kwa kila fungu

Neno la Kaka limenikwama kooni kama mwiba wa changu, na leo ni siku ya nne. Mama katoka eda salama, ndugu yetu Asha kapata barua ya uhamisho wa Dodoma, na karatasi za mtihani za Kidato cha Pili zimelala mezani sijazigusa. Hayo yote yamepita. Mimi bado niko pale barazani, Jumapili alasiri, Kaka kashika simu na kufungua kikokotoo ili tugawane stempu alizotuachia marehemu Baba.

— Ziko ngapi?

— Elfu moja mia tisa na ishirini.

— Gawa kwa thelathini na mbili... Sitini kamili! Mama mafungu manne, mia mbili arobaini. Mimi kumi na manne, mia nane arobaini. Nyinyi saba saba, mia nne ishirini kila mmoja. Hakuna baki.

— Kaka, stempu hazigawanywi kwa idadi.

— Kwani si vikaratasi tu vyote?

Nikanyamaza. Mafungu yenyewe hayana kasoro: thumuni ya mjane, kisha kinachobaki mwanamume kwa wanawake wawili. Shehe yeyote angeyapitisha. Ndiyo maana nilikosa la kusema. Hesabu ikitoka bila baki, watu huona na haki imetoka humohumo.

Tangu siku hiyo namjibu peke yangu, jikoni, kwenye daladala, hata kwenye foleni ya benki.

Kwanza ningemwekea mbele zile za Mfalme George wa Sita, za Kenya, Uganda na Tanganyika, 1938 hadi 1954. Jahazi la Ziwa Viktoria, daraja la Jinja, Ziwa Naivasha, simba. Ukiziangalia kwa macho matupu utaapa kwamba mbili zilizo sambamba ni pacha: picha moja, thamani moja, rangi moja. Sasa hesabu meno. Hesabu ya meno ni idadi ya matundu ndani ya sentimita mbili, na mfululizo ule ulitobolewa zaidi ya mara moja kwa mashine tofauti: nyingine 13¼, nyingine 14, nyingine 13 juu na chini lakini 11¾ ubavuni. Kati ya 13¼ na 14 tofauti haifiki tundu moja, kwa hiyo usipime kwa rula ya shule. Unalaza stempu juu ya kadi ya kupimia na kuisogeza mpaka kila ncha ikae kwenye mstari wake. Moja utaipata kwa bei ya andazi, na pacha wake kwa bei ya sare ya mtoto. Gawa hizo kwa idadi, Kaka, uone nani kacheka.

Halafu zile za Unguja. Mapinduzi ya Januari 1964 yaliikuta posta na shehena ya stempu zenye picha ya Sultani, zikagongwa kwa mkono maneno JAMHURI 1964 ili ziendelee kutumika. Baadaye zikaja zilizochapwa mitamboni. Zilizogongwa kwa mkono nyingine zimepinda, nyingine zimegeuka chini juu, nyingine zimegongwa mara mbili. Wakusanyaji wanazipenda kwa kasoro hizo, na kwa kasoro hizohizo ni rahisi kuzighushi: mtu anahitaji tu stempu ya Sultani isiyo na bei na kidau cha wino. Kwa hiyo iliyo pekee yake haisemi kitu mpaka mtaalamu aitazame. Iliyobaki juu ya bahasha yake, na muhuri wa posta wa miezi ileile umepita nusu kwenye stempu na nusu kwenye bahasha, ina shahidi wake. Baba kaacha bahasha kumi na moja za namna hiyo.

Hapo ndipo linaponiuma zaidi, maana Kaka alikwisha kuinua moja akasema, “Hii tuikate tu hapa pembeni, tuibandue majini, iungane na wenzake.”

Hapana. Bahasha nzima haikatwi, hasa ikiwa na muhuri wa posta ndogo. Ukiikata umetupa njia iliyopita barua, tarehe na anwani, umebaki na ile sehemu ambayo kila mtu anayo. Wala si kila stempu inastahimili maji. Za kawaida, zilizotumika, unaziweka kwenye maji ya uvuguvugu dakika kumi na tano hadi ishirini na picha ikitazama juu, unangoja zijiachie zenyewe bila kuzivuta, unazisuuza, unazilaza kifudifudi kwenye karatasi safi isiyo na maandishi, kisha usiku mzima chini ya vitabu vizito. Lakini baadhi ya zambarau na kijani za enzi za wafalme wa Uingereza zilichapwa kwa wino wa makusudi unaotoka ukiloweshwa, ili mtu asioshe muhuri akaitumia stempu mara ya pili. Ukizitia majini unatoa kikaratasi kilichopauka. Bahasha za rangi, nyekundu hasa, zisiingie bakuli moja na nyingine. Zikichuja zinapaka zote. Na zile ambazo hazijatumika haziloweshwi kabisa, maana gundi ya nyuma ni sehemu ya bei.

Kwa Tanga hii na joto lake, gundi hiyo ndiyo adui. Kurasa tatu za albamu ya kijani zimegandana. Nimechukua chombo cha plastiki chenye kifuniko, sponji lililokamuliwa chini, kichujio cha chai juu yake ili stempu isiguse maji, nimefunika. Nachungulia kila baada ya saa moja na kibano mkononi. Ukiwa na haraka, ngozi ya karatasi inabaki upande wa pili, na stempu iliyopungua unene mnunuzi anaiona mara akiiinua kwenye taa. Madoa ya kutu tayari yapo kwenye twiga wawili wa Tanganyika wa 1922. Hayo hayatoki, unachoweza ni kuwatenga wagonjwa na wazima na kusimamisha albamu wima kabatini badala ya kuzilaza moja juu ya nyingine. Zile albamu za picha zenye plastiki ya kunata, alizonunua Asha kwa nia njema kabisa, nimezirudisha dukani. Plastiki ile laini hutoa mafuta na kula rangi.

Basi nilikuwa nimejipanga hivyo, majibu yote yamenyooka, mpaka jana usiku nikafungua mfuko wa mwisho wa kile kisanduku cha bati.

Ajman. Umm al Qiwain. Fujeira. Ras al Khaima. Tena Ajman. Magari ya mashindano, vipepeo, wanaanga, paka, michoro ya Ulaya. Hizi ni stempu za falme ndogo za Ghuba ya Uarabuni, zilichapwa kwa mafurushi miaka ya 1960 mpaka mwanzo wa miaka ya 1970 kwa ajili ya kuuzwa kwa watoto na wakusanyaji. Nyingi hazikupita hata kwenye sanduku la barua: muhuri wake ni robo duara safi konani, na ukiigeuza gundi iko palepale haijalowa. Zimo pia za kwetu Tanzania za miaka ya mwishomwisho ya 1980 na 1990, zenye watu na treni za nchi nyingine. Nilizihesabu kwa makumi hadi saa saba usiku. Zilizo na thamani ya karatasi tu: 1,311.

Yaani kwa theluthi mbili na zaidi, Kaka alikuwa na haki. Ni vikaratasi.

Nilikaa na hilo kitambo. Halafu nikachukua kikokotoo na mimi: 1,311 kwa 32 ni arobaini, baki thelathini na moja. Haitoki! Nilicheka peke yangu kama mwehu, na si jambo la kujivunia.

Ijumaa nitamweleza hivi, kama hatanikatiza. Zile 1,311 tugawe anavyotaka, baki wapewe wajukuu. Zilizobaki 609 zisiguswe mpaka ziorodheshwe kwa seti, nchi, mwaka, meno na hali. Bei ya katalogi ya Stanley Gibbons, wauza stempu wa Uingereza, ni bei ya dukani kwa nakala safi, si bei tutakayopewa. Mnunuzi atatoa sehemu yake tu, na mnada nao una kamisheni. Kati ya zile za JAMHURI nichague mbili au tatu za kupeleka kwa wataalamu wa Royal Philatelic Society, chama cha wakusanyaji stempu kule London, zipate cheti cha uhalisi, si zote, maana ada ikizidi bei ya stempu tumejichoma wenyewe. Zikishapata bei ndipo mafungu thelathini na mbili yaingie, kwenye thamani. Anayetaka twiga awachukue kwa bei tuliyokubaliana, apunguziwe kwenye fungu lake. Bahasha kumi na moja zikae pamoja hata kama zitauzwa.

Mama nimemuuliza yeye angependa nini. Kafikiri, kasema anataka kisanduku cha bati, cha kuwekea mchele.

Atanijibu nini Kaka sijui.