Nilivyopanga matembezi ya darasa langu kwa kufuata mwezi

Jumatano ya tarehe 11 Septemba 2024, saa nne asubuhi, nilikuwa nimesimama Coco Beach, Dar es Salaam, na watoto 18 wenye kofia na yeboyebo, kila mmoja na daftari lake mkononi, na hakukuwa na cha kuandika. Bahari ilikuwa imejaa. Ile miamba niliyowaahidi, na vidimbwi vyenye kaa na konokono, vyote vilikuwa chini ya maji. Tulitazama mawimbi, tukala matunda tuliyobeba, tukarudi kwenye Coaster. Binti mmoja wa miaka minane aliniuliza njiani kama bahari huwa inafungwa siku za Jumatano.

Nafundisha shule ya kimataifa upande huu wa Masaki, watoto wa miaka minane na tisa. Wametoka kila pembe: Wakorea, Wahindi, Waholanzi, Waafrika Kusini, na Watanzania ambao baadhi yao wamekulia nje na Kiswahili kinawapiga chenga. Shule ina utaratibu mzuri ambao naupenda kwa dhati: kila darasa linapata asubuhi moja kila wiki ya kutoka nje ya geti, ili yale yanayosomwa yakaonekane. Asubuhi yetu ilikuwa Jumatano, saa tatu mpaka saa sita. Muhula ule tulikuwa tunasoma makazi ya viumbe. Gari lilikuwepo, fomu za ridhaa zilikuwa zimesainiwa, kisanduku cha huduma ya kwanza kilikuwa tayari. Ratiba niliipanga vizuri kwa kila kitu kilichokuwa karatasini.

Jioni ile nilimpigia mama yangu, Kilindoni, Mafia. Baada ya shikamoo nikamweleza yaliyotupata. Akaniuliza swali moja tu: "Leo mwezi ngapi?"

Nikanyamaza.

"Leo mwezi saba, mwanangu. Maji mafu haya. Ulikwenda kutafuta nini mwambani? Ngoja kumi na nne."

Niliumia, na sababu naijua. Nimekulia nyumba ambayo wanawake walikwenda kuchokoa pweza bila kutazama saa. Bibi akitazama mwezi jioni alijua kesho atashuka pwani wakati gani. Nilikwenda chuo, nikajifunza kuandaa somo, nikajifunza kupima uelewa wa mtoto, na elimu ya bibi nikaiacha Mafia kama vile haihusiani na darasa. Kumbe ndiyo iliyokuwa inakosekana.

Kwa wasiokulia pwani, jambo lenyewe ni hili. Mama alikuwa anahesabu siku tangu mwezi uandame: mwezi saba ni siku ya saba. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua, dunia na mwezi vinakaa karibu kwenye mstari mmoja, na nguvu za jua na mwezi zinavuta bahari pamoja. Hapo maji hujaa sana na kupwa sana. Ndiyo bamvua. Mwezi unapokuwa nusu, nguvu hizo zinavutana pembeni, na maji hayaendi mbali. Ndiyo maji mafu. Halafu kuna zawadi ambayo walimu wa pwani yetu tumepewa bure: huku kwetu, siku za bamvua maji hupwa kwenye saa nne asubuhi, katikati kabisa ya muda wa shule. Siku za maji mafu, saa hiyohiyo ndiyo yanakuwa yamejaa. Mimi nilikuwa nimechagua asubuhi mbaya kuliko zote.

Wiki iliyofuata nilikuwa nimewapangia Makumbusho ya Taifa. Nikaisogeza mbele, nikaomba turudi pwani palepale. Mwenzangu mmoja aliona nawachosha watoto kwa kuwapeleka mahali walipokwishafika. Sasa hivi naamini kinyume chake: mtoto akienda mahali mara moja anakumbuka gari na vitafunwa. Akirudi mara ya tatu ndipo anaanza kuona kilichobadilika.

Tarehe 18 Septemba tukashuka. Bahari ilikuwa imerudi nyuma mbali mno, hata watoto walisita kukanyaga, wakadhani hapo si ruhusa. Niliwagawa makundi matatu, sita kwa mtu mzima mmoja: mimi, msaidizi wangu wa darasa, na baba wa mmoja wao aliyejitolea. Kila kundi lilikuwa na kamba ya mita nne tuliyoifunga fundo kila mita, ili ukiilaza chini itoke mraba wa mita moja kila upande. Kazi yao ilikuwa moja tu, kuhesabu kila kilicho hai ndani ya mraba. Masharti yalikuwa mawili. Usichokijua usikishike, na jiwe ukiligeuza, lirudishe lilivyokuwa, kwa sababu ile ni nyumba ya mtu.

Mwanzoni walisema hamna kitu. Nikawaambia wachuchumae, wanyamaze, wahesabu mpaka 60. Baada ya hapo sikuwaona tena vichwa. Kaa walianza kutoka. Kiti cha pweza kimoja, yule kiumbe mwenye umbo la nyota, kilikutwa kwenye majani ya bahari, na jongoo bahari mweusi akawafanya wabishane kama ni mnyama au ni kinyesi cha mnyama. Mraba wa kwanza karibu na mchanga ulikuwa na konokono peke yao. Ule wa mbali zaidi ulikuwa na aina tisa. Hiyo tofauti, kwamba maisha yanaongezeka kadiri unavyokaribia maji, niliipanga kuifundisha kwa picha ubaoni. Waliiona wenyewe, wakagombana kuhusu sababu yake njia nzima kurudi.

Kulikuwa na mzee anatoka mwambani na fimbo yake na pweza wawili. Watoto nilishawafundisha kuamkia. "Shikamoo mzee!" kwa sauti 18. Akasimama, akaitika marahaba kwa furaha, kisha akawauliza lile lile swali la mama yangu: "Leo mwezi ngapi?"

Kijana mmoja akajibu haraka, "Mwezi wa tisa!"

"Huo wa ukutani," mzee akasema. "Nauliza wa juu."

Nikawauliza kwa nini Jumatatu hatukuja shule. Wakasema sikukuu, Maulidi. Na Maulidi ni mwezi kumi na mbili. Wakaanza kuhesabu kwa vidole, Jumatatu, Jumanne, Jumatano. "Kumi na nne!" Mzee akampa mkono yule binti wa swali la bahari kufungwa, maana ndiye aliyetangulia. Msaidizi wangu akawatafsiria wasioelewa, lakini neno bamvua halikutafsiriwa. Waliondoka nalo lilivyo, na mpaka leo darasani kwangu linatamkwa kwa lafudhi saba.

Kuanzia usiku ule kila mtoto alianza daftari la mwezi: toka nje, chora umbo lake, andika saa. Barua yangu ya Ijumaa kwa wazazi ilibadilika pia. Zamani niliandika tulichofanya. Sasa niliwaachia swali moja la kuulizana mezani. Wazazi wengi walinijibu kuliko wakati mwingine wowote. Mama mmoja aliniandikia kwamba wamekaa Dar es Salaam miaka mitatu na hawakuwahi kuutazama mwezi pamoja.

Jumatano za katikati, maji yakiwa mafu, tulikwenda kwingine. Makumbusho ya Taifa tuliangalia mambo ya Zinjanthropus, fuvu alilolipata Mary Leakey bonde la Olduvai mwaka 1959, la kiumbe aliyeishi karibu miaka milioni 1.75 iliyopita. Niliwaruhusu chumba kimoja tu, na nilifanya vizuri, maana makumbusho ukiyamaliza yote siku moja yanamchosha mtoto. Soko la samaki la Feri ndilo lililonishangaza. Nilitaka wajifunze majina: changu, kolekole, nguru, jodari, tasi. Mvuvi mmoja akawaambia dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali, taa haiwavuti dagaa, na wavuvi wanapumzika. Madaftari ya mwezi yakafunguliwa palepale kwenye harufu ya samaki.

Tulirudi pwani tarehe 2 Oktoba, mwezi ukiwa hauonekani kabisa, na maji yalikupwa vilevile. Wengine walikuwa hawaamini mpaka walipofika. Lakini tarehe 16 Oktoba walikuta bahari imeanza kurudi mapema, na kundi la mbali likakatishwa kazi. Nilikuwa na jibu tayari. Nikalimeza. Nikawapa jedwali la maji kujaa na kupwa na daftari zao, nikawaacha siku mbili.

Waligundua kwamba bamvua halirudi kila baada ya siku 14 kamili, bali karibu 15. Wiki mbili za shule zinautangulia mwezi. Na kwa kuwa maji huchelewa karibu dakika 50 kila siku, ukilitangulia bamvua siku mbili unayakuta yamekupwa saa mbili na nusu, wakati sisi bado tuko kwenye mstari. Jumatano ya tarehe 30 Oktoba ingetukuta tena ufukweni bila cha kuandika. Basi wakamwandikia mkuu wa shule barua, na grafu wakaiambatanisha, wakiomba tutoke Ijumaa. Ijumaa ilikuwa siku ya kuogelea. Mwalimu wa kuogelea akaitazama ile grafu muda mrefu, akasema yeye bwawa lake halikupwi, tubadilishane.

Tukaenda tarehe 1 na tarehe 15 Novemba, zote Ijumaa. Hii ya pili mvua ya vuli ilitupiga, tukahesabu miraba miwili tu.

Bamvua la mwisho kabla ya likizo liliangukia Jumapili, tarehe 1 Desemba. Shule haitoki Jumapili, na mimi sikuomba. Watoto wenyewe waliandika mialiko nyumbani: saa nne, Coco Beach, njoo na yeboyebo. Zilikuja familia 11. Nilikaa juu ya mchanga na mihogo yangu ya kukaanga, sikuwa na orodha wala filimbi. Kule mwambani yule binti alikuwa amemshika baba yake mkono. Baba akainama, akageuza jiwe, wakachungulia wote wawili, akainuka aendelee mbele. Binti akamvuta nyuma, akamwonyesha jiwe, akangoja mpaka alipolirudisha.