Kiangazi cha Kupima Mikono

Mwezi wa saba Lubumbashi kuna baridi inayowashangaza wageni. Watu wanatoka mtaa wa Katuba asubuhi wamevaa makoti, vumbi jekundu limetanda, chuo kimefungwa. Kiangazi hicho nilikuwa stajieri, yaani mwanafunzi wa mafunzo kazini, katika maabara moja ya tiba, na ugonjwa tuliokuwa tukiuchunguza nilikuwa nao mwilini.

Nina Marfan. Ni ugonjwa wa tishu unganishi, zile zinazoshikilia viungo, macho na mishipa ya damu. Hitilafu iko katika jeni FBN1, kwenye kromosomu ya 15, na hatari kubwa iko kwenye aota, mshipa mkuu utokao moyoni: unaweza kutanuka polepole hadi siku moja uchanike. Kwa nje, watu wanachoona ni mikono na vidole virefu tu.

Vigezo vya Ghent, ambavyo madaktari hutumia kutambua Marfan, vilivyorekebishwa mwaka 2010 vinagawanya upana wa mikono iliyonyooshwa kwa kimo, na jibu likizidi 1.05 mikono inahesabiwa kuwa mirefu. Kwa uwiano wa kiwiliwili na miguu, vigezo hivyo hivyo vina mpaka wa 0.85 kwa watu wazima weupe na 0.78 kwa weusi; chini ya hapo miguu inahesabiwa kuwa mirefu. Nilimuuliza profesa: kama mpaka wa miguu umetenganishwa kwa weupe na weusi, wa mikono je? Watoto wa kwetu hapa urefu wao ni upi? Akanijibu, "Njo kazi yako ya vakansi," yaani hiyo ndiyo kazi yangu ya likizo.

Basi tukaanza kupima watoto wenye afya wa mitaa ya karibu, wazazi wao wakiwa wamekubali. Alasiri moja akaja mama kutoka Kenya, komini (wilaya) ya hapa mjini, na mwanawe wa miaka kumi na mmoja, mchangamfu, amevaa jezi nyeusi na nyeupe ya Mazembe, klabu yetu ya mpira. Nilipima mikono yake, nikarudia. Nikamwambia akunje ngumi, kidole gumba kikiwa ndani. Ukucha wote ukatokeza upande wa pili. Nikamwambia ashike kifundo cha mkono wake mwingine. Gumba na kidole cha mwisho vikapandana. Nilijua ninachokiona, maana nimekiona kwangu maisha yangu yote.

"Dokta, kuko nini?" mama akauliza.

"Mama, mimi si dokta, niko stajieri. Ngoja nimwite profesa."

Kutamka jina la ugonjwa si kazi ya stajieri. Profesa alieleza taratibu: dalili hizi peke yake hazitoshi, mtoto afanyiwe ekografi ya moyo, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, lenzi za macho ziangaliwe. Mama alisikiliza yote bila kusema neno. Kisha akauliza, "Na mupira?"

Profesa akanigeukia. Nikakunja ngumi yangu mbele yao. "Mimi pia niko nayo, Mama." Nikamweleza dawa ninayokunywa kila jioni ili damu isisukume aota kwa nguvu, na kwamba michezo ya kugongana na kubeba vizito niliacha. Mtoto akaniuliza, "Ulilia?"

"Sana."

Akanyamaza, halafu akaomba anipime yeye. Nikanyoosha mikono, akasoma namba kwa sauti, mama yake akacheka kwa mara ya kwanza tangu waingie. Naamini kabisa kwamba maneno yangu yalimfikia kwa sababu yalitoka kwa mtu mwenye mikono kama ya mwanawe. Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema mgonjwa asichunguze ugonjwa wake. Bila mimi hata lile swali la mikono lisingeulizwa kiangazi kile.

Ekografi ilionyesha aota imetanuka pale inapoanzia. Alianzishiwa dawa wiki ile ile, na jina lake tukalitoa kwenye orodha ya watoto wenye afya. Nilipokabidhi ripoti nilimwomba profesa kwamba mwaka unaofuata nafasi za staji zitolewe kwanza kwa wanafunzi wenye magonjwa ya tishu unganishi. Alikubali, kwa masharti: kila mmoja aje na ekografi ya karibuni, apewe kiti kirefu chenye mgongo, na asibebe makasha ya sampuli ngazini. Masharti hayo niliyaandika mimi mwenyewe, na nikaongeza moja: apumzike akichoka bila kuomba ruhusa.