Nilivyotoa bure programu yangu ya kupanga hesabu

Swali la kwanza nililochapa kwa LaTeX, programu ya kupanga maandishi na hesabu kwa kuandika amri, lilihusu mfugaji wa ng'ombe 48 aliyeuza robo tatu ya mifugo yake. Karatasi ilipotoka kwenye printa, neno ng'ombe lilikuwa limelala kiubavu, herufi zimeachiana mianya kama meno ya bibi yangu, na ile ritifaa imepaa juu ikawa alama wanayoitumia watu wa chuo kwenye kalkulasi. Kosa lilikuwa langu. Nilifungia sentensi nzima ndani ya alama za dola, na humo LaTeX haijui maneno, inajua hesabu tu. Kila herufi kwake ni kama x na y. Shilingi 2,500 nayo ikatoka na nafasi baada ya mkato, utadhani ni namba mbili.

Nafundisha Hisabati shule ya msingi hapa Tanzania, kwa Kiswahili. Basi nikaanza kujitengenezea amri zangu: moja ya fedha, moja ya kugawanya kwa njia ndefu vile tunavyoichora ubaoni, nyingine inayojumlisha alama za maswali yote na kuziandika juu ya karatasi. Miaka minne baadaye faili lilikuwa na mistari 600 hivi na walimu wenzangu wanalipitisha kwa flashi, kila mmoja na toleo lake. Siku niliyoletewa lalamiko la kosa nililolisahihisha mwaka mzima nyuma, nikaamua liwekwe mahali pamoja, wazi: CTAN, ghala la intaneti linalokusanya, tangu miaka ya 1990, vifurushi (mafaili ya amri za ziada) vya TeX, programu ambayo LaTeX imejengwa juu yake.

Nilidhani ni kazi ya jioni moja. Ikala likizo yote ya Desemba.

Kilichonisumbua zaidi ni leseni. Wengi tunaamini ukiweka kitu hadharani bila kusema neno, umekitoa bure. Wapi! Bila leseni hakimiliki inabaki kwako, na mwenye kuheshimu sheria hana ruhusa hata ya kukinakili. Mimi nilitaka niandike "si kwa biashara". Karibu na shule kuna kijana wa stationeri anayeuza mabunda ya mitihani, na nilishajua faili langu limo kwenye kompyuta yake. Nikasema huyu hapati senti kwa jasho langu. Kumbe TeX Live, mkusanyiko ambao watu wengi huipata LaTeX kupitia kwake, haupokei kifurushi kinachokataza biashara, kwa kuwa hicho si programu huria. Maana yake mwalimu angesakinisha LaTeX na kazi yangu asiikute.

Siku tatu nilizunguka na jambo hilo. Donald Knuth, profesa wa kompyuta, alianza kuitengeneza TeX mwaka 1977, huko Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, baada ya kuchukizwa na chapa mbovu ya kitabu chake mwenyewe. Akaitoa bure, na hadi leo wachapishaji wanauza vitabu vilivyopangwa kwayo. Mimi mwenyewe sikuwahi kulipa hata shilingi. Sasa huyu kijana nimnyime nini? Nikachukua LPPL, leseni ya LaTeX yenyewe: nakili, uza, badilisha, ila ukibadilisha useme wazi kwamba hili si lile la asili. Kwa ile vurugu ya flashi, sharti hilo la mwisho nililipenda mno.

Nilipopitia mstari mmoja mmoja nikagundua ile amri ya kugawanya sikuiandika mimi. Niliiokota mahali, haina jina la mtu wala leseni. Nikaifuta, nikaiandika upya kwa siku mbili. Kwenye mifano kulikuwa na nembo ya shule na majina ya wanafunzi wangu, vyote nje.

Yakaja maelezo ya matumizi, kurasa 14. Nilimpa mwenzangu asiyejua LaTeX, nikakaa pembeni nimefunga mdomo.

"Mwalimu, hapa umeandika 'pakia kifurushi'. Nipakie wapi, kwenye gari?"

Nikarudi kuandika.

Nilipotuma, mtu wa kujitolea aliyepokea alinijibu kwa upole kwamba nimesahau ndani ya zipu mafaili ya .aux na .log, yale ambayo LaTeX hujitengenezea yenyewe ikifanya kazi, na kwamba vyote vikae kwenye folda moja. Dakika kumi, kwisha.

Knuth alikuwa akimpa dola 2.56 kila aliyemwonesha kosa kwenye vitabu vyake, na namba ya toleo la TeX huisogelea pai: sasa imefika 3.141592653. Mimi sina dola. Niliahidi soda, na nimeshalipa tatu, moja ikiwa ya yule wa gari. Toleo langu ni 1.3.

Mwezi uliopita nilipita stationeri kutoa fotokopi. Kwenye kaunta kulikuwa na bunda la mitihani, kichwa cha karatasi ni kile kile nilichokipanga, shilingi zimekaa sawa, ng'ombe wamesimama wima.

"Hii mitihani unaipangaje?" nikamwuliza.

"Kuna programu ya bure kabisa, mwalimu. Nikuoneshe?"

Nikavuta kiti, nikamwambia anioneshe.