Chandarua, sufi na upepo wa kusi: nilivyopata pa kusomea Temeke

Kila ninayemwambia nimehangaika kupata pa kusomea ananijibu harakaharaka: "Si uende maktaba?" Utadhani sijui iko wapi. Maktaba Kuu ya Dar es Salaam, pale barabara ya Bibi Titi, naijua vizuri, Mwalimu Nyerere aliifungua Desemba 9, 1967, na kwa mwenye mtihani hakuna pa kumpeleka zaidi ya pale. Mimi nasoma riwaya. Nacheka kwa sauti, nanyoosha miguu, na muda wangu ni jioni nikishatoka kazini. Nipande tena daladala kurudi mjini na foleni ile?

Jumamosi nilijaribu bustani ya Botanical, ile ya Wajerumani ya mwaka 1893. Miti mikubwa, kivuli cha uhakika, tausi wanajipitia zao. Ila benchi halina pa kuegemeza shingo, na tausi akipiga ukelele wakati muuaji ndiyo anafungua mlango, kitabu utakiokota chini. Bado naenda mara mojamoja.

Kazi ilikuwa hapa nyumbani. Nimepanga chumba nyumba ya Kiswahili: korido katikati, vyumba huku na huku, choo na majiko uani. Chumbani bati linashusha joto mpaka usiku, na kitandani kurasa mbili tu nishakoroma. Kuna aliyenishauri niamke saa kumi alfajiri eti kumetulia. Huyo hajawahi kupanga ukuta mmoja na mtu wa vitumbua.

Uani ndiyo usiseme. Kelele za redio nazimudu. Tabu ni kwamba ukikaa peke yako na kitabu, watu wanajua una jambo. "Dada, kulikoni? Mbona umejitenga?" Ukijibu, anavuta kigoda. Bibi mwenye nyumba naye akipita lazima nimwamkie, na ile shikamoo haiishii kwenye marahaba. Kuna magoti yanayouma, kuna mjukuu wa Tanga, na sura nzima ya kitabu inapotea hapohapo.

Nikahamia upenuni, upande wa kusini-mashariki, walikorundika matairi mabovu. Jua la jioni linazuiwa na nyumba yenyewe, na kuanzia Aprili hivi upepo wa kusi unaingia moja kwa moja. (Kaskazi ikianza, mwisho wa mwaka, pale panakuwa tanuri. Nahamishia kila kitu kona ya mbele, chini ya mwarobaini.) Kiti ni cha plastiki chenye mikono, miguu naweka juu ya ndoo ya rangi niliyoipindua.

Shingo sasa. Kitabu kikikaa mapajani unainama, ukikiinua mikono inakufa ganzi. Nikakata mguu mmoja wa jinzi kuukuu, nikashona upande mmoja, nikanunua sufi kwa fundi wa mito, elfu saba au nane, ilikuwa na mapatano yake. Kazi ya kujaza nikaifanyia palepale upenuni, kusi inavuma. Sijapata kuona kitu chenye kiherehere kama sufi. Nilijifunga mtandio puani, huku nachomoa mbegu, huku nashindilia kwa mwiko, na kila nikifungua mkono kipande kinaondoka. Nguo zilizoanikwa zikaota manyoya. Kuku wakaanza kupiga chafya. Bibi mwenye nyumba akatokea kwenye kona, sufi imemganda kwenye kope, akaniuliza kama nimeanza kiwanda. Lakini mto ulipatikana! Ukiuweka mapajani na kitabu juu yake, kinakuja chenyewe usawa wa macho. Shindilia mpaka uwe mgumu, ukilegea hauna kazi.

Magharibi wakaja mbu. Ile dawa ya kuchoma, upepo unaupeleka moshi wote kwa jirani. Ndipo nikakumbuka chandarua changu cha duara. Nikaking'iniza kwenye boriti ya upenu, ncha nikazibana chini ya mkeka. Kasoro yake ni kwamba ringi ni ndogo, neti inakulalia kiwikoni na mbu anakunywea hapohapo nje. Fundi baiskeli akanipa rimu kuukuu isiyo na spoki, akakataa hata hela ya soda. Nikaishona juu, chandarua kikatanuka kama hema. Taa ya kuchaji iwe ndani, nyuma ya bega. Ukiiacha nje mbele yako, neti yote inang'aa na herufi huzioni.

Faida kubwa sikuitegemea. Mtu aliye ndani ya chandarua anahesabiwa kuwa amelala, au anaumwa. Hakuna anayemsemesha! Nilimsikia bibi kwa masikio yangu akiwafukuza watoto: "Tokeni hapo, dada yenu amepumzika." Na mimi niko ukurasa wa mia mbili, nimejiziba mdomo nisicheke.

Wiki iliyopita niliwahi kurudi, nikakuta chandarua kimeshushwa na kiti kina mtu. Ndoo miguuni, mto wa jinzi mapajani, juu ya mto bakuli la karanga.

"Shikamoo bibi."

Kimya. Nikarudia. Akafungua jicho moja.

"Marahaba. Nimelala."

Basi tumepangiana: yeye baada ya adhuhuri, mimi kuanzia saa kumi na moja. Karanga alie nje ya mkeka, sisimizi wameshaanza kuja.