Nguzo za stima, tuta, na hesabu ya Mtwapa

Mshale wa spidi kwenye tuktuk yangu ulikufa kabla ya Ramadhani na mpaka leo sijautengeneza. Abiria hawaulizi. Anayeuliza ni mpwa wangu wa Gredi ya 5, ninayempeleka shule kila asubuhi.

"Mjomba, twaenda spidi ngapi?"

"Ya kutosha."

"Ya kutosha ndiyo ngapi?"

Basi Jumapili moja, jua halijapanda, tukashuka pembeni mwa Barabara ya Lamu, hapa hapa Malindi, na tepu ya fundi mjengo. Tepu yenyewe ya mita 5, kwa hivyo tukawa tunailaza na kuilaza tena kutoka nguzo moja ya stima hadi ya pili, mimi nashika mwanzo, yeye anachora alama kwa kipande cha mkaa. Nafasi ya kwanza mita 48. Ya pili 52. Ya tatu 50. Akanuna, alidhani waliozisimika walipima sawasawa. Nikamwambia ajumlishe, agawanye kwa 3. Akaandika mchangani kwa kidole, akapata 50, akanitazama. "Kumbe wastani ndiyo huu!" Neno alilijua toka zamani, ila lilikuwa la daftari.

Kesho yake akashika simu yangu, akahesabu nafasi 5 za nguzo: mita 250, sekunde 30. Dakika moja mita 500, saa moja mita 30,000. Kilomita 30 kwa saa! Akanitangazia kama askari wa trafiki.

Mbele kidogo, nafasi 5 nyingine, zikatoka sekunde 45. Kilomita 20. Nikaapa sikubadilisha mwendo. Akageuka nyuma, akanyosha kidole: "Tuta, mjomba. Tuta limekula 10."

(Vibao vya barabarani na maumbo yake tulikwishavimaliza zamani. Cha kusimama kina pembe 8, ndiyo maana hata rangi ikipauka dereva hana kisingizio.)

Shida ilikuja na zoezi la shule. Matatu yatoka Malindi saa 1 asubuhi, yaenda kilomita 60 kwa saa. Mombasa ni kilomita 120. Itafika saa ngapi? Wenzake waliandika saa 3. Yeye aliandika: "Saa 4, kwa sababu ya Mtwapa," yaani foleni ya magari pale mjini Mtwapa, kabla ya kuingia Mombasa. Akapigwa alama nyekundu ya kosa. Dada yangu akanipigia simu, anasema namharibia mtoto. Nilinyamaza, maana mwalimu hakukosea, saa 3 ndiyo jibu la swali lile. Lakini nilishindwa kumwambia mtoto amekosa.

Wiki iliyofuata nilikuwa na shughuli Mombasa. Nikapanda matatu ya saa 1. Kilifi tulishusha, tukapakia, tukavuka daraja bila neno. Nilipokanyaga Mombasa nikampigia, ilikuwa saa 4 na robo.

"Mtwapa?" akauliza.

"Mtwapa."

"Na hiyo robo?"

Robo ilikuwa ya makanga, alikuwa anatafuta chenji ya mtu.