Madoa ya kanga kwa rangi ya mafuta: ninavyoyapata

Kanga ndiye ndege anayemuumbua mchoraji wa picha za mtindo wa Tingatinga. Twiga ana mabaka makubwa, ukikosea moja unalipanua kidogo na yameisha. Kanga ana mamia ya madoa meupe juu ya kijivu kilichokolea, na mtazamaji huliona kwanza lile lililovuja.

Vifaa vyangu ni vile vile alivyoanza navyo Edward Saidi Tingatinga, mwanzilishi wa mtindo huu, hapa Dar es Salaam mwaka 1968: hadibodi na rangi ya mafuta, ile ya kupakia baiskeli. Nakata ubao wa sentimita 60 kwa 60, nausugua upande laini kwa msasa ili rangi ishike, kisha naupaka nyeupe mikono miwili, yaani tabaka mbili. Mgongoni napaka mkono mmoja, la sivyo unyevu unaingia upande huo na ubao unapinda. Kati ya mkono na mkono nasubiri siku nzima. Wakati wa masika, siku mbili.

Mandhari ya nyuma yanataka haraka. Njano chini, nyeupe katikati, buluu juu, zote zikiwa bado mbichi, halafu nazikutanisha kwa brashi pana iliyo kavu. Hapo rangi naizimua kwa tapentaini, kama kijiko 1 kwa vijiko 8. Mwili wa kanga nauchora kesho yake: vijiko 4 vya nyeusi kwa 1 cha nyeupe, na tone la buluu. Nyeusi tupu inafanya madoa yaonekane kama matundu.

Sasa madoa. Kwanza mwili uwe umekauka kweli. Ukigusa kwa kidole na kikanata, ahirisha, maana doa litatanuka na kupata ukungu wa kijivu pembeni. Nyeupe ya madoa siizimui hata kidogo. Naiacha kopo wazi kwa muda iwe nzito kama uji wa mtoto, nauondoa utando wa juu na kuichuja kwa kipande cha soksi nyembamba. Ubao naulaza mezani. Ukiusimamisha, doa linateremka na kuwa chozi.

Brashi siitumii. Nachovya kijiti cha kiberiti kilichokatwa sawasawa, nagusa mara 5 au 6, kisha nachovya tena. Doa la kwanza huwa kubwa, la mwisho dogo, na hiyo ndiyo faida yenyewe: kanga halisi ana madoa makubwa ubavuni yanayopungua kuelekea kifuani. Kwa hiyo kila mchovyo unaanzia ubavuni na kuishia kuelekea kifuani. Anayeanzia shingoni atapambana na ukubwa mpaka mwisho. Kwenye shina la shingo hakuna madoa kabisa, kuna mistari myembamba. Na kwenye manyoya marefu ya bawa madoa huungana yakawa mistari pia. Wengi husahau hapo, wanamtawanyia ndege madoa ya namna moja kama kitambaa cha dukani. (Na kile kitambaa cha kanga, wazee husema kilipata jina kwa huyu huyu.)

Kichwa ni buluu yenye wekundu. Nyekundu ya mafuta ni dhaifu juu ya rangi nyeusi, inageuka kahawia. Tanguliza nyeupe, ikikauka ndipo uipake.

Kuanika ni kivulini, uso wa picha ukiinamia ukutani, ili vumbi na wadudu wasitue. Juani rangi nene hukauka juu huku chini ikiwa bado laini, ikajikunja makunyanzi. Hayo hayarekebishiki: yakwangue yote, upake upya.

Mteja wa kusafiri hutaka kitambaa kinachoviringika. Nakitandaza kwenye fremu kwa misumari midogo, nakipaka kwanza rangi ya maji iliyochanganywa na gundi nyeupe, kwani mafuta yakiingia moja kwa moja kwenye pamba huiozesha. Kuviringisha nangoja angalau wiki 2, picha ikitazama nje, juu yake karatasi ya nailoni. Gazeti hapana: linanata, na ukilibandua unakuta herufi zimebaki mgongoni mwa kanga. Wala isikae gizani miezi mingi, maana nyeupe ya mafuta ikikosa mwanga hugeuka njano, na madoa ndiyo yanayoonyesha mapema kuliko sehemu nyingine.