Vile nilipangia wakubwa wa kampuni mfumo wa ripoti, nikaanza na karatasi

Mimi ni mtu wa kompyuta kwa kampuni ya kusambaza vifaa vya ujenzi hapa Kisumu, simiti, mabati, misumari, rangi, na tuko na matawi Kakamega, Bungoma, Busia, Siaya na Homa Bay. Mwaka juzi mzee (ndiye mkurugenzi, lakini hapa hakuna anayemwita hivyo) alirudi kutoka mkutano Nairobi akaniita akasema, "Kijana, nataka nikifungua simu asubuhi nione kampuni yangu yote." Nikasema sawa mzee, nikatoka mbio.

Nilijifungia wiki tatu nikachora grafu, za duara, za nguzo, za kupanda na kushuka, karibu 40. Siku ya kuonyesha wakaja mzee, madamu wa fedha na bosi wa mauzo, nikawasha projekta. Mzee akaangalia weee, kisha akauliza, "Na deni la Busia liko wapi hapo?" Halikuwepo. Madamu akafunga daftari lake na mkutano ukaishia hapo, hata chai haikuletwa.

Usiku huo ndio nikakumbuka kitu tulifundishwa chuoni nikakipuuza. Kulikuwa na mhadhiri wa chuo cha MIT kule Marekani, John Rockart, aliandika mwaka 1979 kwamba ukitaka kujua bosi anahitaji habari gani, mkalishe akutajie yale mambo machache ambayo yakiharibika biashara yote imeumia, halafu ndio utafute namba za kuyapima. Mimi nilikuwa nimeanza na namba zilizokuwa kwa seva. Lakini pia ukimwuliza mzee wetu anataka kuona nini atakwambia kila kitu, so nikaomba kiti pale nje kwa sekretari, mzee akakubali huku akicheka, nikakaa siku kumi na daftari la kaunta nikiandika kila swali analouliza matawi kwa simu. Maswali mengi, lakini yanarudi palepale: nani deni lake limepita siku 30, benki kuna ngapi, simiti imebaki mifuko mingapi, lori gani halijarudi, na jana tumeuza ngapi.

Hiyo ya mwisho ndio ilitutoa jasho. Nilidhani mauzo ya jana ni namba moja, kumbe ni tatu. Bosi wa mauzo anahesabu invoisi ikishaandikwa, madamu anahesabu pesa ikishaingia, iwe M-Pesa ama cheki imepita, na mtu wa stoo anahesabu lori likitoka geti. Siku moja, tawi moja, namba tatu, na hakuna anayedanganya! Ndio maana kila mwezi walikuwa wanagombana. Tulibishana mpaka ugali na samaki vikaletwa, na mwishowe tukaandika kwa karatasi moja, "mauzo" ni invoisi, "makusanyo" ni pesa iliyoingia, "mizigo" ni iliyotoka geti, wote watatu wakatia sahihi. Ukiniuliza mimi, hiyo karatasi ndio mfumo, hayo mengine ni kubonyeza tu.

Bado sikugusa programu. Wiki mbili nilikuwa nafika ofisini saa kumi na mbili na nusu asubuhi, napigia matawi, halafu naandika ile mistari mitano kwa biro kwenye kipande cha karatasi nimekikata saizi ya simu ya mzee, herufi kubwa kwa sababu hapendi kuvaa miwani, naweka kando ya kikombe chake. Jioni naenda kukichukua nione amezungushia nini. Siku ya tatu kando ya mauzo ameandika "kuliko lini?" Nikaelewa namba peke yake haimwambii kitu, anataka Jumanne hii na Jumanne iliyopita, maana kwetu Jumatatu na Jumamosi hazifanani kabisa. Mstari wa lori hakuugusa hata siku moja, nikautoa.

Kuujenga sasa haikuwa shida. Hesabu za matawi zinaingia PostgreSQL, programu ya kuhifadhi data, saa tano usiku, ukurasa unafunguka kwa brauza ya simu yoyote, ukibonyeza deni unaona matawi, ukibonyeza tawi unaona wateja. Majina ya wadeni tuliyafunga yaonwe na mzee na madamu pekee, kuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019 na pia sikutaka vita na wateja. Wiki ya kwanza tu mzee akampa sekretari pasiwadi yake, nikamfungulia sekretari akaunti yake isiyoonyesha majina, yakaisha bila maneno.

Lakini kuna mahali nilichemsha vibaya. Asubuhi moja Homa Bay ilionyesha mauzo 0, mzee akampigia meneja wa kule akamkaripia vilivyo, na kumbe stima ilipotea usiku na data haikufika. Meneja hakunisemesha karibu mwezi. Kwa mpango wangu sikuwa nimetenganisha "hawajauza" na "haijafika", sasa tawi likikosa kutuma panakaa mstari wa kijivu na saa ya mwisho lilipotuma, na sifuri ni sifuri kweli.

Juzi Jumapili niko Dunga na familia, samaki ndio anafika mezani, mzee anapiga. "Kijana, mbona Bungoma imekuwa nyekundu?" Nikamwambia mzee, bonyeza hapo hapo kwa nyekundu. Kimya. Halafu nikamsikia akitaja jina la mteja mmoja kwa sauti ya chini, akasema, "Aaah, ni huyu tena," akakata.